Wiki ya Nne

Julai, Barabara ya Lunga Lunga, baridi inauma hadi kwenye kucha,
lakini ndani ya tanuri letu ni nyuzi arobaini,
unyevu sabini na tano kwa mia.
Nimewatengenezea Mombasa ya uongo
wachumba hawa, wawili wawili, katika vichupa kumi na viwili.

Mmoja ni dawa. Ndiye mwenye jina,
ndiye atakayeandikwa kwa wino mnene kwenye boksi.
Wa pili ni wanga, au sukari ya maziwa,
au ule unga wa magnesi unaoteleza kama mafuta
ili kidonge kitoke kwenye chuma bila kung'ang'ania.
Vitabu vinawaita viambato tuli.
Tuli! Kama wageni wa arusi
waliokuja kula pilau na kwenda zao.

Bi. Kemunto halipendi neno hilo.
"Hakuna anayekaa na mwenzake chumba kimoja
miaka miwili," husema, "akabaki tuli."
Ameachika mara mbili. Simbishii.

Wiki ya kwanza, weupe. Ya pili, weupe.
Ya tatu stima ikapotea, jenereta ikakohoa,
nikakesha kitini nikililinda joto kama kuku anayeatamia.
Ya nne nikavifungua, nikamwaga unga juu ya karatasi
karibu na dirisha, maana taa zetu hudanganya.

Kichupa cha saba.
Si njano. Sithubutu kusema njano.
Rangi ya jino la mvutaji aliyeacha,
rangi ya chai iliyomwagika juzi
kwenye kitambaa ambacho kimeshafuliwa.
Dawa ya presha na sukari ya maziwa
wameshikana mikono gizani,
na walichozaa hakimo kwenye boksi.

Mashine nayo ikachora: kando ya kilele kirefu
kilima kidogo,
kama mtoto anayechungulia nyuma ya gauni la mamake.

Odiero wa ununuzi akapanda ngazi akihema.
Sukari ile ameshaiagiza, tani mbili, iko bohari ya Embakasi.
"Ni rangi tu," akasema. "Mgonjwa humeza, hatazami."

Hatazami?
Mama yangu, kule Kayole, hufunga vidonge vyake
kwenye pindo la leso, pamoja na sarafu
na ufunguo wa kabati. Kila jioni hufungua fundo,
hunyanyua kimoja kwenye mwanga wa balbu
kama mtu anayechagua mchele,
kisha hukimeza,
kwa kuwa mwanawe anafanya kazi ya dawa.

Nikachukua kalamu. Mstari wa saba
nikaandika: Hawapatani.
Sahihi, tarehe, saa.
Bi. Kemunto akatia yake chini ya yangu,
akafunika kalamu, akasema,
"Haya. Mjaribu na chokaa."

Getini lori la sabuni lilikuwa likipiga honi.
Nikakiosha kichupa mara tatu, kama utaratibu unavyotaka,
na ya nne kwa ajili ya moyo wangu,
nikarudi kwenye mizani.