Fremu ya Mlima wa Moto

Bwana Kariithi ameuleta umefungwa gazetini,
mlima mzima, sentimita hamsini kwa sabini.
Aliununua mnadani Njoro, nyumba ya watu waliohama,
pamoja na meza isiyo na droo na saa isiyotembea.
"Kioo kipya," anasema, "mbao nyeusi,
na kadibodi nyeupe inchi mbili kila upande. Wa sebuleni huu."
Ameacha mia tano ya arubuni, ameshuka ngazi.

Nafungua. Duka zima linakuwa jekundu.

Chini kuna mwaka: elfu moja mia nane na kitu,
tarakimu za mwisho zimeliwa na mdudu.
Mbingu imepasuka kama komamanga,
zaha inafurika bondeni kama uji jikoni
na hakuna wa kuepua.
Mwezi umesukumwa pembeni,
shilingi iliyokataliwa dukani.
Na juu ya jabali, mtu mmoja mwenye kofia ndefu,
mgongo kwetu, mkono kifuani:
amekuja kuogopa.
Amelipa nauli ya mbali ili aogope.

Mchoraji alitaka nishike ukingo wa meza.
Nimeushika, sikatai.

Lakini mimi nimezaliwa Eburru.
Kwetu mlima haulipuki, unahema.
Mto hakuna; ukichimba kisima unakuta joto.
Mama alichomeka bomba kwenye ufa,
akalilaza, akalifunika majani ya mleleshwa,
na pumzi ya mlima ikaingia humo kwa ghadhabu,
ikatokea upande wa pili imechoka,
ikadondoka
to
to
kwenye mtungi wa lita ishirini.
Usiku kucha, mtungi mmoja.
Tuliinywa volkeno. Tuliipikia githeri,
tukaifulia sare za shule.
Ilikuwa na ladha ya msumari.
Asubuhi mama aliinua mtungi, akaupima kwa mkono:
"Leo amehema vizuri,"
kama asemaye habari za mgonjwa wa ndani.

Kutoka dirishani hapa Menengai ni mgongo tu,
ng'ombe aliyelala, mikaratusi kwenye nundu.
Mgeni hajui kwamba nyuma ya mgongo hakuna ng'ombe:
paa liliangukia ndani ya nyumba, zamani,
na moshi wa jikoni bado unatoka.
Ndugu yangu Gathogo anachoronga humo, zamu ya usiku.
Hurudi na yai bovu kwenye ovaroli,
anavua viatu, analala, hasimulii.

Nasafisha picha kwa pamba kavu.
Kona ya kushoto, chini kabisa, masizi yanaachia,
na pale, mdogo kama punje ya mchele,
mwanamke ameinama penye jiwe, na chombo.
Moto uko nyuma yake. Hageuki.
Mchoraji alimtia hapo ili mlima uonekane mkubwa.

Inchi mbili za kadibodi zitamfunika.

Napima. Napima tena.
Nachukua wembe, nakata upande wa kushoto
mwembamba kuliko wa kulia,
upana wa mwanamke mmoja aliyeinama.

Ijumaa Bwana Kariithi atarudi,
atarudi nyuma hatua tatu, atafumba jicho moja.
"Fundi," atasema, "hii imeenda upande."

Nitamwambia ni mlima, mzee.
Umesogea.