Reale Kumi

Kitabu cha babu yangu,
kimeliwa na ukungu,
nakisoma kwa mafungu
Mambrui, kibarazani.

Ufuta, jizila sita;
kinu, ngamia, mafuta;
watu kwa majina, hata
bei yao pembezoni.

Songoro, reale kumi
(akohoa, na hasemi);
Tausi, mwenye ulimi,
kumi na tano, jikoni.

Songoro akatoroka
masika yalipofika.
Babu alivyoandika:
“Hasara. Yuko mwituni.”

Kisha ikaja bendera
na karani mwenye dira;
akachora barabara
kupitia kaburini

kwa mamake. Sitasema
alikwenda kwa huruma:
ilikuwa ni heshima
na deni la Malindini.

Akafunga punda wake,
gobori la baba yake,
kitabu kwapani mwake,
akavuka Sabakini.

Boma la watoro, lango
limezibwa kwa vipingo;
sauti yenye maringo
ikakohoa gizani.

“Kumi zako nitalipa,”
akasema. “Ila hapa
bunduki hatujakupa;
shika jembe, handakini.”

Mwezi mzima kachimba,
viganja vikamvimba;
Tausi, nje ya nyumba,
alicheka hadharani.

Alijua kuhesabu:
risasi, mtama, tabu,
na aliyekosa jibu
alipoitwa foleni.

Akapewa watu mia,
usiku akavamia
bohari; likasalia
majivu tu, ufukweni.

Mara ya pili kashindwa;
lango, miti, vikapondwa,
nao watu wakawindwa
kwa mbwa, hadi vichakani.

Ndipo Songoro kamwita
“Akida,” jina la vita;
naye kalamu kavuta,
karatasi magotini.

Bei zote, moja moja,
kakata. Wino kavuja
penye kumi, kama hoja
iliyokwama kooni.

Pembeni, badala yake,
kila mtu kifo chake:
“Tausi, na mwana wake,
Ijumaa, kisimani.”

“Songoro. Hakukohoa
tangu jana. Nilijua.”
Herufi zinapungua,
zinalala mstarini.

Mwisho, jina: Muhadhari.
Si bwana, wala amiri.
Reale kumi, dhahiri,
na neno moja tu: Deni.