Dumu la Ghorofa ya Nne

Goti langu la kulia lilianza kunisema Pugu,
tunateremka kutoka msituni, Jumapili, jua la saa nane.
Wakati wa kupanda lilinyamaza. Kupanda ni kazi ya moyo,
na moyo una kiherehere, haudai papo hapo.
Kwenye mteremko likasema: kha.
Jiwe la pili: kha.
Mwinjuma akageuka. "Vipi Shangazi, tupumzike?"
Nikamwambia natazama vipepeo.

Begi lilikuwa na kilo kumi na nne.
Nilibeba sufuria. Nilibeba blanketi nililopewa harusini,
makopo matatu ya maharage, pasi ndogo (usiniulize),
kwa safari ya kulala usiku mmoja
inayoanzia Gongo la Mboto na kuishia Gongo la Mboto.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mzigo uliojifungasha mwenyewe, usiku, unaimba,
huo hawakuusemea.

Wiki nzima pale Ilala nilishuka ngazi kinyumenyume
kama mtu anayemuaga sultani.
Msalani nilishika ukuta.
Nilisali kitini, na mswala ukabaki juu ya kabati
umekunjwa, ncha yake inanichungulia.

Gidioni, kijana wa mazoezi ya viungo kule Buguruni,
alinibonyeza paja kama anayechagua parachichi,
akacheka bila dharau.
"Mama, goti ni mpangaji tu.
Mwenye nyumba ni paja, msimamizi ni nyonga.
Wao wakilala, mpangaji ndiye anayekatiwa umeme."
Akanipa kiti: kaa, simama, kaa, bila kujishika.
Akanipa kidato kimoja: shuka, hesabu mpaka nne,
goti lielekee vidole, lisichungulie ndani.
Barafu kwenye kitambaa, robo saa.
"Na likivimba, au likikataa kunyooka,
usinifanyie ushujaa. Njoo."

Kisha akasema: jaza maji begini, yapandishe,
ukifika juu yamwage, ushuke mtupu.

Kumwaga maji! Dar es Salaam hii!
Nikamkumbuka Bi Skolastika wa ghorofa ya nne,
ambaye bomba lake tangu Pasaka linakohoa tu.

Basi kila alfajiri, madumu mawili ya lita tano mgongoni,
vidato sabini na viwili.
Namjazia ndoo. Ananipa tangawizi kikombe cha bati,
na habari za wajukuu walioko Songea,
nani kafaulu, nani kang'oka jino.
Nashuka na begi tupu, hatua fupi, mkono kwenye reli,
moja, mbili, tatu, nne.
Majirani walidhani nimeweka nadhiri.
Mmoja aliniuliza dumu nauza shilingi ngapi.

Mwezi wa kumi na mbili tukarudi Pugu.
Kilo sita. Blanketi lilibaki, pasi ilibaki.
Mwinjuma alikata mipini miwili ya fagio ikawa fimbo,
na kwenye mteremko nikaenda mshazari kama kaa,
fimbo kwanza, mguu baadaye,
nikiwaacha vijana wapite na viatu vyao vyeupe.

Karibu na mwisho, likasema: kha.
Mara moja tu.
Vipepeo walikuwepo, tena wengi.
Nikasema, "Linauma. Tukae."

Mwinjuma akatua begi kabla sijamaliza neno,
akavua kiatu, akakunja suruali,
akaanza kujisugua la kushoto.
"Tangu mwaka jana," akasema,
bila kunitazama.

Juzi nimeushusha mswala kabatini.
Nimeukunjua, nimeupangusa vumbi.
Bado sijajaribu.
Kumepambazuka, na Bi Skolastika
anagonga ndoo tupu kule juu.