Bila Lumbesa

Julai, Uyole. Umande umeganda juu ya majani ya viazi
na uwanja wa Nsalaga unameta kama umemwagiwa chumvi.
Vijana wanakimbia, pumzi zinawatoka kama moshi wa chai.
Nimesimama nje ya kamba, mikono ndani ya koti la marehemu baba.
Nimekuja kuuza maandazi.
Hivyo ndivyo nilivyomwambia Gwamaka.

Gwamaka, mdogo wangu, keshaanza:
"Dada, mwaka huu ni wetu."
Mwaka jana ulikuwa wetu. Mwaka juzi pia.
Mwaka ule wa kideri, kuku walipokwisha mtaa mzima,
nao ulikuwa wetu:
tukashika mkia,
tukabaki tumeushika.

Mimi ni mtu wa viazi. Gunia nalijua.
Nalijua la lumbesa, lililoshonewa kilemba mdomoni,
linavyojaza macho pale kando ya barabara
na linavyopasuka mteremko wa Inyala,
viazi vikitawanyika mbele ya malori ya watu.
Miaka tisa timu hii nimeijazia lumbesa.
Safari hii naleta mizani.

Haya. Kocha mpya, Mwalimu Haule, katoka Songea
na filimbi mbili shingoni na daftari la kurasa mia.
Haongei sana. Hilo nimelipenda.
Beki wa kushoto ni Anyosisye, mtoto wa fundi cherehani;
amerefuka tangu Krismasi, viatu vimemkataa,
na anakaba kama mtu anayetoa ng'ombe wa jirani shambani:
hana chuki,
lakini ng'ombe anatoka.

Upande wa pili, goti la Lusekelo.
Kila mtu anasema limepona, isipokuwa Lusekelo.
Mwenyekiti, aliyetuahidi basi
tukaletewa picha ya basi.
Jezi zilezile, kijani kilichofuliwa hadi kikasahau jina lake.
Na Sumbawanga. Hapo ndipo mizani inapolala.
Tulitaka pointi moja tu tupande daraja.
Dakika ya themanini na tisa, penati, ya kwetu,
na Lusekelo akaomba apige yeye.
Sikuangalia. Niliangalia kandambili za mwanamke aliye mbele yangu.
Nikasikia mwamba: ngo!
Kisha wao wakakimbia na mpira upande wetu, na sisi tumesimama.
Mpaka leo nikifunga mlango wa bati wa duka
naingoja ile ngo,
na inakuja.

Jumapili tulicheza na watu wa Tunduma, mechi ya kirafiki.
Moja kwa moja.
Gwamaka alirudi anapiga ndoo njia nzima.
Mimi nilikuwa nahesabu pasi.
Saba mfululizo, kutoka kwa kipa hadi winga,
kabla hatujampa mtu asiye wetu.
Mwaka jana hatukuvuka nne.
Saba.
Sikumwambia mtu.

Sisemi tutapanda. Msininukuu.
Mkulima haweki mbegu ardhini kwa wingu moja la Agosti;
anatifua tu, anageuza udongo upate jua,
na akiulizwa anasema ananyoosha mgongo.

Nyumbani kuna kopo la Blue Band, juu ya kabati,
kopo la nauli za ugenini.
Tuliporudi Sumbawanga nilikula kiapo mbele ya mama:
humo haitaingia tena hata mia.
Jana nililishusha. Kulifuta vumbi.
Kitu cha bati kikikaa na vumbi kinashika kutu, kila mtu anajua.
Nikafungua nione kama kuna mende.
Ile mia tano iliyoingia
iliteleza yenyewe.
Baridi ya huku mnaijua,
vidole havishiki.