Nusukaputi

Miligramu mia na ishirini, nyeupe kama maziwa,
zaingia mshipani mwa Bi Mwanakombo wa Kibokoni,
muuza achari Marikiti. Namwambia, hesabu.
Ahesabu: moja, mbili, tatu...
nne haifiki.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii Makadara,
na bado hiyo nne yanisumbua.
Ilikuwa njiani. Imekwenda wapi?

Twasema mtu "amepoteza fahamu",
kama aliyepoteza funguo sokoni.
Basi aliyepoteza ni nani,
ikiwa hata wa kujipapasa mifuko hayupo?
Na zikirudi, twasema "zimemrudia":
zimejijia zenyewe, kama paka,
hakuna aliyeziita.

Daktari Shebwana, mkasi mkononi, hana shida.
"Umeme na chumvi, bwana. Ukizima swichi, taa yazimika.
Wewe huitafuta taa ilikokwenda?"
Namjibu: taa haijapata kuogopa giza.
Acheka. Mashine yapiga, ti, ti, ti.
Nje kunguru wanagombana juu ya paa la mochari.

Saa nane na robo zikamrudia.
Neno lake la kwanza: "Nne."

Siku ya tatu nikamuuliza, ulikuwa wapi?
"Sikuwa," akasema.
Hakusema hakuwa mahali. Hakuwa, basi.
Nikamweleza ya Daktari, umeme na chumvi.
Akafikiri, akilamba midomo mikavu:
"Ndimu, chumvi, pilipili, jua la siku saba.
Pasua ndimu, achari huioni. Ramba chumvi, haimo.
Funua mtungi: hiyo hapo!
Kwani mimi, mwanangu, nimezidisha nini?"

Nikasadiki. Kutoka wodini hadi kwenye lifti
nilikuwa nimesadiki kabisa.

Halafu mate yakanijaa kinywani
kwa achari isiyokuwepo, achari ya maneno tu,
uso ukanikunjamana peke yangu mbele ya kioo cha lifti,
nikakumbuka: mtungi haukunji uso.
Umekaa na ukali ule siku saba juani
na haujui.

Kesho saa mbili kuna mgonjwa wa ngiri, wa Mwembe Tayari.
Nitampima kilo zake,
nitapiga hesabu ya dawa isizidi hata tone,
nimwambie ahesabu,
nami nikizime kile ninachokizima.