Namba Ndogo, Tundu Kubwa

Kamera niliinunua Mbuyuni, ya mtumba,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto,
laki moja na themanini, bila chaja.
Muuzaji aliapa kwa mama yake
kwamba kile ndani ya lenzi ni vumbi tu.
Ni ukungu. Umeota kama wa mkate uliosahauliwa,
kona ya juu, kulia,
na hadi leo kila picha yangu ya anga
ina wingu moja la ziada.

Fundi Elinami, mwenye chumba cha paspoti nyuma ya stendi,
aliishika kama mtu anayepima papai,
akaipuliza, akaitega sikio.
"Inapumua," akasema. "Wewe je?"

Nikafundishwa kupumua.
Viwiko mbavuni. Mguu wa kushoto mbele kidogo.
Vuta pumzi, toa nusu, hapo katikati bonyeza,
taratibu, kama unamtoa mwiba mtoto aliyelala.
Tripodi sikuwa nayo. Akanipa ndoo tupu ya rangi
na mchele kilo mbili ndani ya mfuko;
kamera ikalala juu yake kama yai.

Kisha tundu.
Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo.
Nilibishana naye siku mbili nzima.
Ya tatu akachoka: "Ndafu mkigawana wawili,
na ndafu mkigawana kumi na sita,
wapi mnofu ni mkubwa?"
Nikanyamaza. Tumbo lilielewa kabla ya kichwa.

Kasi nilijifunza peke yangu.
Moja chini ya elfu: bodaboda ikaganda barabarani
pamoja na tope lake, tone kwa tone.
Sekunde nzima, kamera juu ya jiwe:
Mto Karanga ukawa maziwa.

"Usimpige mtu saa sita," alisema Fundi,
"jua la saa sita humchimbia makaburi machoni.
Mkalishe mlangoni. Upande wa pili tundika shuka jeupe,
lirudishe chenji ya mwanga."

Mlima? Kila anayeanza anataka mlima.
Alfajiri tisa nilipanda juu ya paa la jirani.
Ya tisa ukatoka, mweupe, mzima, dakika nne.
Betri ilikuwa imekufa.

Kazi ya kwanza: kipaimara cha Aminieli, Marangu.
Kanisani giza, nikaipandisha ISO
mpaka elfu sita na mia nne, kila kitu kwa mkono,
kama fundi mwenyewe.
Tukatoka nje, jua, migomba, mbege, vigelegele,
nikasahau kuishusha.
Mchungaji ameyeyuka hadi shingoni.
Mashangazi wamebaki meno.
Ndafu, ambayo mjomba aliilisha miezi sita,
ni karatasi tupu yenye pembe.

Moja tu ilipona.
Ndani ya jiko la nje, gizani kidogo,
Aminieli kakaa juu ya gunia la magadi,
suti mpya, kiatu kimoja mkononi,
anachungulia ndani yake kama kisima,
akitafuta kilichomuuma tangu asubuhi.
Sikumbuki hata kuipiga.

"Nimelipia kipaimara," mama yake akasema,
"wewe umeniletea kiatu."
Akanipa nusu.

Fundi Elinami aliitazama hadi chai yake ikapoa.
Hakusema nzuri. Aliuliza nilitumia tundu gani.
Nikasema moja nukta nane.
"Mnofu mkubwa," akasema, akarudi kwenye paspoti zake.

Desemba nilipanda tena Marangu, kudai.
Ipo ukutani, juu ya televisheni, ndani ya fremu ya dhahabu,
ile ile ya kiatu.
Mama Aminieli akagusa kioo, kona ya juu, kulia,
palipo na ule weupe.
"Na huu ni moshi wa jiko?"

Nikaangalia. Nikavuta pumzi, nikatoa nusu.
"Ndiyo, mama," nikasema. "Moshi."