Glavu ya Kushoto

Ulinifukuza kazi mara mbili kwa barua,
na mara zote mbili hukubandika stempu,
nikalipia mimi mlangoni.
Barua ya tatu ilinituma nikununulie tumbaku.
Ndivyo tulivyoanza, Wattie Geddes, wewe na mimi,
Aberdeen, Januari ya sitini na nane,
chumba cha gereza kisicho na dirisha,
harufu ya samaki wa moshi imekuganda kotini
kama shahidi wa ziada.

Ulikuwa wapi usiku ule?
Jumatatu, ulikuwa umelala.
Jumatano, ulikuwa kwa dada yako Peterhead.
Ijumaa ukasema, "Andika upendalo, bibi,
wewe ndiye uliyesoma."
Nikaandika, nikafuta, nikaandika,
na Hector Noble yuko wiki ya tisa kaburini,
mlinzi aliyeungua ndani ya banda la kukaushia samaki,
funguo zikiwa mfukoni mwake mwenyewe.

Mahakamani ulikuwa balaa.
Mjane alipolia, ulipiga miayo.
Bwana Pirie wa mashtaka alipokosea tarehe
ulimsahihisha kwa sauti kutoka kizimbani,
na tarehe yenyewe ndiyo iliyokuchimbia shimo.
Watu kumi na tano wa juri walikutazama
kama watu wanaosoma bei ya nyama.

Kisha akapanda Ina Mutch, mpasua samaki,
mwanamke asiyeongeza chumvi hata kwenye uji:
"Nilimwona. Mkono wa kulia, dumu la mafuta ya taa.
Wa kushoto ukakwangua njiti ukutani.
Mara moja tu. Chwaa."

Nikageuka.
Ile glavu nyeusi ya ngozi
niliyodhani ni ya baridi,
uliyonywea chai, uliyosainia barua za kunifukuza.
Jioni nikakuja mahabusu. "Vua."
"Mkono wangu si wa maonyesho."
"Wattie. Vua."
"Ukiugusa nakufukuza tena."
Daktari wa gereza alininong'oneza kwenye korido:
winchi ya meli ya uvuvi, mwaka wa hamsini na nne.
Kimebaki kidole gumba, na kile cha mwisho.

Sikulala. Nilijiambia hivi:
kiapo changu ni kumtumikia mteja,
hakisemi nitumikie ukaidi wake.

Asubuhi nikaomba Ina Mutch aitwe tena,
nikamwomba jaji aamuru glavu ivuliwe.
Ulinitazama, we!
Ilibidi askari wawili wakushike.
Ulinitukana mimi, na mama yangu,
na chuo kilichonivisha joho.
Ngozi ikavutika, polepole, ikatoka.
Kiganja kile: reki iliyong'oka meno.
Mama mmoja wa juri akaziba mdomo.
Nilikuwa na swali moja. "Mkono huu?"
Ina Mutch akaangalia. Akaangalia tena.
"Kulikuwa na giza," akasema.

Sheria ya Uskochi ina milango mitatu:
ana hatia; hana hatia;
na ule wa katikati, mwembamba, usio na bawaba:
haikuthibitika.
Ulipita huo, upande upande.

Nje, mvua ya Bahari ya Kaskazini ilikuja kwa ubavu.
Sikutegemea shukrani. Lakini ulinifungulia mwavuli,
ukanishikia kwa mkono wa kulia,
kiungwana, kama mchumba.
Nikatoa sigara. Vidole vilikuwa bado vinatetemeka.
"Niruhusu," ukasema.

Mkono wa kushoto, mtupu,
njiti kati ya gumba na kile kidogo,
kwenye jiwe la ukuta palipobaki pakavu,
ndani ya upepo ule,
mara moja tu.

Chwaa.

Mwali haukuyumba.
Katika mwanga wake nikazisikia upya kelele zako za kizimbani,
matusi yote, moja moja,
nikazihesabu kama mtu anayehesabu noti bandia
alizokwisha kuzipokea.
Ukanisogezea moto.
Nami, Mungu anisamehe,
nikainama, nikavuta.